Diski Yenye Sauti ya Mama Revo

Usagara,
10 Januari 1999

Mwanangu Revocatus,

Salamu. Mimi mzima, mgongo tu. Kiwandani bado nipo, tunabeba kreti za sangara toka mwaloni, mitumbwi inaposhusha, mpaka chumba cha barafu. Mvua imenyesha, muhogo umeshika. Wewe hujambo? Hiyo kazi ya kompyuta huko Dar inakwendaje?

Nina shida. Wajomba zako wamekuja. Pius na wenzake wawili, walivuka na meli ya Nansio siku ya Jumanne. Hata maji hawakunywa. Pius akasema, "Shemeji, dada yetu hawezi kulala kwenye shamba la muhogo njia panda kama mtu aliyeokotwa. Tunakuja kumtoa tumrudishe Ukerewe." Nikamwambia alitaka mwenyewe alale hapa, karibu na mtoto wetu Selina aliyemtangulia. Akauliza, "Alimwambia nani?" Nikasema mimi. Akacheka. "Wewe tena!"

Bibi yako naye katuma neno. Ukoo wao binti akifa anarudi kwao, labda awe amesema vingine kwa kinywa chake. Bibi amesema karatasi hataki. Macho hana, na karatasi anaandika yeyote. Anataka kumsikia mwanawe. Akimsikia, atamwacha alale.

Sasa sikiliza. Sauti ipo. Unamkumbuka Mutayoba, yule Mhaya wa mradi wa samaki. Alimkuta mama yako anageuza mapanki juani, hiyo mifupa ya sangara ya kiwandani, akakaa juu ya ndoo na redio yake ya kurekodi akawa anamuuliza maisha. Jioni mama yako akaniambia anacheka, "Leo nimeongea na mashine mpaka nimeiambia nikifa nizikwe wapi. Kwa Selina wangu." Sote tulicheka. Hakuwa anaumwa bado.

Mutayoba kabla hajaenda kusoma Ulaya aliniambia sauti zote kaziingiza kwenye diski. Kile kiboksi cheusi kinakaa pembeni ya kompyuta, ofisini kwao. Nilikwenda Ijumaa. Prudencia yule karani akawasha. Kompyuta inasema hakuna diski. Diski nimeishika kwa mkono, yenyewe inasema hakuna.

Wewe ndiye msomi wa hayo mambo. Sema nifanye nini. Usichelewe.

Baba yako,
Kashindye


Dar es Salaam,
29 Januari 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja. Mimi sijambo, joto tu la huku. Kazi ni nyingi, kampuni ndiyo kwanza inaanza kuunganisha watu na intaneti na mimi ndiye mdogo pale, kila kitu Revo, Revo. Pole na mgongo. Pole na maneno ya wajomba.

Kuhusu diski. Kompyuta ile haitumii Windows kama nyingine za mjini, Mutayoba aliiwekea Linux. Kwa hiyo mtu wa mtaani msimwite, ataharibu. Mfanye hivi, polepole:

Kwanza tazameni taa ya diski kwa mbele. Inawaka? Kama haiwaki, diski ina swichi yake nyuma, na ina waya wake wa umeme, siyo ule wa kompyuta. Pili, ule waya mnene unaounganisha diski na kompyuta, muuchomoe na kuuchomeka tena mpaka ushike, una vibano pembeni. Wakati wa kuchomoa vyote viwe vimezimwa. Halafu Prudencia aandike dmesg na kubonyeza Enter. Maneno mengi yatapita. Atafute palipoandikwa sda. Ikiwepo sda, diski imeonekana.

Msiwe na haraka baba. Vitu hivi vinataka subira.

Mwanao,
Revocatus


Usagara,
14 Februari 1999

Mwanangu Revocatus,

Salamu. Sijambo. Barua ilikaa posta siku nane.

Nimefanya. Taa inawaka, ya kijani. Swichi ipo. Waya nimechomoa mwenyewe kwa sababu Prudencia ana kucha ndefu. Akanipigia kelele, "Mzee Kashindye, hiyo siyo kreti ya sangara, taratibu!" Nikamwambia sangara ana faida kuliko hii. Akacheka. Ni mtoto mzuri yule, ananivumilia na harufu yangu ya samaki.

Akaandika hayo maneno. Yakapita mengi, meupe kwenye weusi. Tukatafuta sda, yeye kwa macho, mimi kwa kidole. Hakuna. Umeme ukakatika. Tukangoja. Ukarudi, tukaanza upya. Hakuna.

Hiyo Linaksi yenu inanishangaza. Kitu kiko mezani, taa inawaka, kinanguruma, yenyewe inasema hakioni. Kama Pius.

Nimwandikie Mutayoba? Prudencia anayo anwani yake ya Ulaya. Nijibu hilo.

Baba yako,
Kashindye


Dar es Salaam,
11 Machi 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimekawia, nilikuwa na homa na kazi ikanibana. Sasa nimepona. Nimefurahi kusikia muhogo unaendelea.

Mutayoba usimsumbue, baba. Yuko kwenye mitihani na barua ya Ulaya inachukua muda, na hata yeye atakwambia haya haya ninayokwambia. Tumalize sisi.

Jaribuni hivi. Diski za aina ile lazima ziwashwe kwanza, zingurume kabisa, ndipo kompyuta iwashwe. Ukiwasha kompyuta kwanza inapita bila kuiona na hairudi kuangalia. Halafu nyuma ya diski kuna kinamba kidogo chenye vitufe viwili. Kila kitu kwenye waya ule kina namba yake, na vitu viwili vikiwa na namba moja, vyote vinapotea. Jaribuni namba 1 mpaka 6. Saba muiache, ni ya kompyuta yenyewe. Kila mkibadili namba, zimeni vyote, muanze upya.

Na wajomba uongee nao vizuri, usiwajibu kwa hasira kama ulivyo.

Mwanao,
Revocatus


Usagara,
28 Machi 1999

Mwanangu Revocatus,

Salamu. Sijambo. Pole na homa.

Nimebadili namba zote. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kila namba kuzima, kungoja, kuwasha diski, kungoja, kuwasha kompyuta, kungoja. Nilitoka kazini zamu ya asubuhi nikamaliza jua linazama. Prudencia akasema, "Mzee unachagua namba kama wa bahati nasibu." Hakuna iliyotoka.

Mradi umefungwa. Wazungu hela zao zimeisha, ofisi inachukuliwa na mtu wa kununua minofu. Prudencia kapata kazi ya kuchapa parokiani na kompyuta wamewapa parokia. Mimi ndiye niliyehamisha. Kompyuta na diski nimevibeba kichwani mwenyewe, sikutaka mkokoteni uvigongegonge.

Stoo nayo nimeitoa yote. Makaratasi, nyavu za kupimia samaki, mizani mbovu. Kulikuwa na boksi la kanda za Mutayoba, zile za redio. Nikamuuliza Prudencia hizi vipi. Akasema hazina kazi tena, sauti zote zimo kwenye diski, nizigawe tu. Nikaziweka barabarani, watoto wa kwaya na vijana wa muziki wakazigombania. Dakika kumi boksi likawa tupu. Boksi nimelichukua nawekea kuku wanaoatamia.

Pius amekuja tena. Wameweka siku. Jumamosi tarehe 12 Juni. Wana kibali cha serikali. Bibi atakuja mwenyewe, anasema sauti ikiwepo ataisikilizia hapo hapo na kuondoka bila kugusa jembe.

Kwa hiyo mpaka tarehe hiyo. Fanya haraka.

Baba yako,
Kashindye


Usagara,
18 Aprili 1999

Revocatus,

Salamu. Sijambo. Barua yangu ya mwezi wa tatu umeipata? Jibu.

Baba yako


Dar es Salaam,
2 Mei 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua zote mbili nimepata. Sijambo.

Baba, nimefikiri sana. Kwa dalili hizo naona diski imekufa. Zinakufa tu, hata mpya. Kunguruma siyo kupona. Acha kuhangaika nayo, mgongo wako unaumwa na unatembea toka Usagara mpaka mjini kwa kitu kisichokuwepo. Waambie wajomba imekufa, nao ni watu wazima, wataelewa.

Na zile kanda kweli ziligawiwa zote? Hakuna hata moja iliyobaki? Wale wa kwaya huwajui?

Mwanao,
Revocatus


Usagara,
23 Mei 1999

Revocatus,

Sijambo.

Lile koti lako la kijivu uliloliacha msibani ndilo navaa kwenye chumba cha barafu. Wiki iliyopita mfuko wa ndani ulipasuka, kikadondoka kitu. Kidogo kama kiberiti, cha plastiki, kina meno ya chuma upande mmoja. Nikajua ni cha mashine. Nikasema labda ni cha kazi yako, nimpelekee Prudencia akitunze.

Prudencia alikigeuza mkononi. Akageuza diski, akanionyesha tundu la pili nyuma, tupu. Tulilipita kila siku tukidhani ndivyo lilivyo. Akasema Mutayoba alimfundisha, tundu hilo lazima liwe na kizibo chake, bila kizibo kompyuta inachanganyikiwa. Alikuwa amesahau. Akakichomeka. Kikaingia kama kofia yake.

Diski ikaonekana. Mara ya kwanza tu. sda, na nyingine chini yake, sda1. Prudencia alipiga vigelegele, padri akatoka kuuliza nani kaolewa. Mimi nilikaa chini.

Halafu akafungua ndani. Sauti hakuna. Za mama yako hakuna, za akina mama wengine hakuna. Nikamwambia nichapie karatasi, nione kwa macho yangu. Shule nimeishia darasa la nne lakini tarehe nasoma. Kila mstari una neno revo. Kila mstari tarehe 21 mwezi wa nane 1998.

Mama yako tulimzika tarehe 19. Tarehe 21 watu wako kwenye mkeka kwangu, wewe uliaga ukasema unakwenda ofisini kwa Prudencia kupumzisha mawazo.

Ulifuta wewe. Na kizibo ukatoa wewe. Halafu ukanibadilisha namba, moja mpaka sita.

Na kanda. Januari nilipokuandikia mara ya kwanza kanda zilikuwa stoo, boksi zima, na jina la mama yako juu ya mojawapo, Prudencia anasema aliliandika mwenyewe. Februari zilikuwepo. Ungesema neno moja. Nimezibeba kwa kichwa changu nikazimwaga barabarani, Revocatus. Nimezunguka kwaya zote. Nimepata tatu. Zote zimerekodiwa nyimbo za Pasaka.

Nataka ujibu.

Kashindye


Dar es Salaam,
1 Juni 1999

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Ni mimi. Nilikuwa na usaili wa hii kazi wiki ile ile baada ya msiba. Walitaka mtu anayeweza kuiweka Linux tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimeisoma kwenye vitabu tu. Kompyuta ya ofisini niliogopa kuigusa, nikaona ile diski ya nje, nikasema nijifunzie pale. Niliona majina ya wanawake wengi. Sikusoma mpaka chini. Nikafuta, nikaweka yangu.

Jioni niliporudi ulikuwa unawaambia waombolezaji, "Sauti ya mama yao ipo, iko ofisini kwa mradi." Ulisema ukiwa umenishika bega. Nilishindwa. Kesho yake nikaenda kutoa kile kizibo, ili diski isionekane, mtu akitafuta aone ni mashine mbovu tu. Nilijua kuna kanda. Nilitaka nije likizo nizirudishe upya kwenye diski, usijue. Likizo sikupewa. Kila nilipotaka kukuandikia nilikuwa naanza na salamu halafu mkono unakwenda kwenye waya na namba.

Kazi hii nimeipata kwa siku ile, baba. Nakula kwa siku ile.

Nakuja. Nimeshakata tiketi ya treni ya Jumanne tarehe 8, Alhamisi nitakuwa Mwanza. Nitamwambia bibi mwenyewe, mbele ya wajomba wote. Nitapiga magoti. Atajua kwamba hukusema uongo.

Nisubiri stesheni.

Mwanao,
Revocatus


Usagara,
20 Juni 1999

Revocatus,

Alhamisi nilikuja stesheni. Treni ilichelewa, ikaingia saa kumi. Nilitazama kila behewa mpaka wafagiaji wakaingia. Ijumaa nilirudi, nikasema labda umelala Tabora. Hata kiwandani sikwenda, zamu yangu wamempa mtu.

Jumamosi walifika kabla ya saa tano. Pius, wajomba, wanawake wanne, na bibi yako wakimshika mikono. Mimi na mama mkwe wangu tangu nioe tunaongea mlango ukiwa katikati yetu, ndiyo heshima, wewe unajua. Nikawapa mgongo kama kawaida. Akasema, "Geuka." Nikageuka. Akasema, "Wewe. Sauti ya mwanangu iko wapi?"

Nikasema ukweli. Nikasema mjukuu wako ameifuta, kwa kutojua, na ameandika mwenyewe hapa. Nikatoa barua yako mfukoni. Pius akaisoma kwa sauti, yote, mpaka kwenye magoti. Nilidhani imekwisha.

Bibi akasema, "Karatasi."

Pius akasema, "Shemeji, sasa unamsingizia mtoto wako wa kumzaa?"

Bibi akauliza, "Revo mwenyewe yuko wapi?"

Nikasema yuko njiani.

Wakakaa. Kwa haki wale watu walikungoja. Bibi alikataa jembe liguswe mpaka jua lipite katikati. Kila basi likisimama pale njia panda anainua kichwa, anauliza, "Ni yeye?" Wanawake wanamwambia siyo. Mabasi manne. La tano lilipopita bila kusimama akasema, "Haya."

Walikuwa wanachimba vibaya, upande wa kichwa. Nikawanyang'anya jembe. Kaburi lile nilichimba mimi, najua lilivyokaa, na sikutaka wamguse Selina. Nimechimba mwenyewe mpaka nikamfikia. Wamemfunga kwa shuka mpya, wakaondoka naye kuwahi meli. Bibi hakuniaga. Mimi nisifike Nansio, nimekatazwa.

Shimo nimelifukia. Selina kabaki peke yake.

Jumatano ilikuja simu ya maandishi posta, kwamba ulinyimwa ruhusa kazini. Nimeisoma. Ina maneno saba.

Prudencia anakusalimu. Hapana, hakusema hivyo. Alisema nisikutukane. Sikutukani.

Kizibo nimekiweka humu kwenye bahasha, kimefungwa kwa uzi. Ni chako. Diski iko parokiani, inaonekana vizuri sana sasa, ukiwasha tu inaonekana. Koti nimemgawia mwenzangu wa zamu.

Ukiandika, juu ya bahasha usiweke neno baba. Andika jina, posta wananijua.

Kashindye Ngosha